Dekali Imeshika Ikiwa Kombo: Jinsi ya Kuiachisha, Kuisogeza na Kuiokoa

Dekali nyingi za modeli, zile herufi na alama zilizochapwa kwenye utando mwembamba na kuhamishwa kwa maji kutoka kwenye karatasi, huharibika katika nusu dakika ile baada ya mtu kugundua kwamba zimekaa kombo. Anaona herufi imeinama, anaweka kidole, anasukuma. Pembe moja inakubali, nyingine inagoma, na utando unachanika katikati. Kumbe kabla ya kile kidole, dekali ilikuwa nzima na ingeweza kuhamishwa bila alama yoyote.

Kwa hiyo ukiona imekaa vibaya, ondoa mkono kwanza. Zima feni. Gundi iliyoko mgongoni mwa dekali huyeyuka kwa maji: ilikamata ilipokauka, na ikilowa tena itaachia. Kazi yote iliyobaki ni kuyafikisha maji chini ya utando, halafu kuyapa muda. Mwongozo huu unahusu namna ya kuyafikisha, na namna ya kujua mapema kama kilichokushika ni gundi tu au ni kitu kigumu zaidi.

Nitatumia mfano mmoja ambao wajenzi wengi wa modeli za ndege wanaufahamu: ndege ya kivita Spitfire Mk IX namba EN398 aliyoirusha J. E. Johnson wa Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1943. Viongozi wa kundi la skwadroni waliruhusiwa kuandika herufi za majina yao kwenye ndege, ndiyo maana ubavuni pana JE, kisha alama ya duara, kisha J. Herufi hizo ni za rangi iliyoitwa Sky, kijani kilichopauka sana, juu ya kijani kizito na kijivu. Kwenye modeli ya 1/72, yaani iliyopunguzwa mara 72, urefu wake ni kama sentimita moja tu, na kila milimita unayokosea ni sawa na sentimita 7.2 kwenye ndege halisi. Zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja na duara, na macho ya mtazamaji huenda papo hapo kwenye ile iliyopanda au kushuka. Hakuna dekali inayodai kusogezwa mara nyingi kama hizi.

Kwanza jua imeshikwa na nini

Dekali ya maji ina tabaka chache: karatasi ya chini, gundi, wino uliochapwa, na utando angavu unaoshikilia wino. Gundi yenyewe kwa kawaida ni dekstrini, ambayo hutengenezwa kwa wanga. Ukiilowesha dekali, sehemu ya gundi hubaki majini na kwenye karatasi, na sehemu huondoka na dekali hadi kwenye modeli. Maji yakishakauka chini yake, gundi hiyo inakaza na utando unabana juu ya rangi.

Hapo kuna habari njema na habari ya tahadhari. Njema ni kwamba gundi ya wanga haisahau maji. Hata kesho yake bado inaweza kulegea. Tahadhari ni kwamba kila unapoilowesha upya unaipunguza. Dekali iliyoachishwa mara tatu inaweza kukaa vizuri leo na kunyanyua pembe wiki ijayo. Dawa yake nitaieleza mbele.

Halafu kuna dawa za dekali zenyewe, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Zipo za aina mbili. Ya kwanza naiita dawa ya kukalisha: Micro Set ya kampuni ya Microscale, yenye lebo ya buluu, au Mr. Mark Setter ya GSI Creos. Micro Set ina asidi ya siki, na harufu yake inajitambulisha mara unapofungua chupa. Hupakwa kwenye modeli kabla ya dekali kushuka, na hulegeza utando kidogo tu. Mr. Mark Setter ina gundi ndani yake. Ya pili ni dawa ya kulainisha: Micro Sol yenye lebo nyekundu, Mr. Mark Softer, Solvaset. Hii inaufanya utando uwe laini kabisa, uzame kwenye mistari ya mabati (mifereji inayoonyesha bati zinapokutana) na juu ya vichwa vya ribiti. Tamiya nao wana Mark Fit, inayouzwa kwa viwango tofauti vya ukali.

Basi jiulize swali moja: dekali hii imeguswa na nini mpaka sasa?

Kama ni maji matupu, una nafasi kubwa sana, iwe ni dakika tano zilizopita au jana. Kama ni dawa ya kukalisha, nafasi bado ipo, lakini fanya upesi na kwa mkono mwepesi zaidi. Kama umeshapaka dawa ya kulainisha na imekauka, utando umekwisha kujifinyanga juu ya rangi, na hapo usipoteze muda kujaribu kuisogeza. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuondoa. Na kama dawa ya kulainisha bado mbichi na dekali imejikunjakunja, usiiguse kabisa! Mikunjo hiyo ni ya kawaida. Mara nyingi hujinyoosha yenyewe inapokauka. Ukiigusa ikiwa katika hali hiyo itakatika kama ngozi ya maziwa.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Brashi mbili laini, moja ya ncha nyembamba na moja bapa. Kibano chenye ncha zisizokata. Pamba za masikio, tishu, vijiti vya meno. Sirinji ndogo inasaidia sana kupeleka tone mahali unapotaka. Tepu ya kufunikia rangi, ile ya manjano isiyo na gundi kali.

Maji ni jambo la kuangalia. Maji ya kisima ya sehemu nyingi za pwani yana chumvi, na chumvi ikikauka juu ya vanishi inaacha vidoa vyeupe. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Tumia maji ya kunywa ya chupa, ya mvua, au maji ya betri yaliyosafishwa. Soma lebo vizuri, kwani dukani huwekwa jirani na asidi ya betri. Yawe ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Tia tone dogo la sabuni ya vyombo katika glasi nzima, liyasaidie maji kupenya badala ya kujikusanya matone juu ya rangi. Tone moja linatosha, povu hatulihitaji.

Kama Micro Set haipatikani ulipo, changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa. Haifikii dawa ya dukani, ila kwa kazi ya kulegeza inasaidia.

Hatua ya 1: Zungusha maji pembezoni

Laza modeli ili sehemu yenye dekali itazame juu na iwe tambarare kadiri inavyowezekana. Kwa Spitfire yetu, ilaze ubavu juu ya taulo iliyokunjwa, bawa likining'inia nje ya ukingo wa meza au ya kitabu kinene.

Jaza brashi maji, uyapitishe kuizunguka dekali yote hadi dimbwi dogo lijengeke pande zote. Usipake juu kwa kusugua. Maji yanaingia kwa kunyonywa kutokea ukingoni, na ukiyaacha yafanye kazi hiyo yatafika mbali kuliko brashi yoyote.

Sasa leta taa karibu na utazame kwa pembe, ukiwa na lenzi ukiweza. Kwenye utando angavu, ile nafasi iliyo kati ya J na E, utaona ukungu wa fedha pale ambapo hewa imebanwa chini. Maji yakiingia, ukungu huo unafutika: mstari mwembamba wa kivuli unaanza kwenye ukingo, unatambaa ndani polepole, unasimama kwenye mstari wa bati, kisha unaruka na kuendelea. Pale kivuli kilipopita, gundi inalowa. Pale ambapo bado pana weupe, pamekauka, na ukisukuma sasa hapo ndipo patakapochanika.

Ongeza maji kila yanapopungua. Dekali iliyokaa dakika kumi huachia ndani ya dakika mbili au tatu. Iliyolala usiku kucha inaweza kudai nusu saa. Wengi hukata tamaa dakika moja kabla ya kufanikiwa, ndiyo maana nasisitiza: endelea kuongeza maji na uangalie kile kivuli, saa haina maana hapa.

Hatua ya 2: Jaribu bila kulazimisha

Weka ncha ya brashi bapa iliyolowa katikati ya dekali, wala si kwenye pembe. Isukume kidogo sana kuelekea upande wake mrefu, kisha uirudishe. Ikitikisika yote kwa pamoja, imeachia. Ikitikisika upande mmoja na mwingine umetulia, umegundua palipokauka. Rudi na sirinji, weka tone kwenye ukingo wa upande huo, subiri.

Kuvuta kwa kibano kutoka pembeni ni marufuku. Kibano hukusanya nguvu zote kwenye nukta moja ya utando ambao ni mwembamba kuliko nywele nyingi. Brashi hutawanya nguvu hizo.

Hatua ya 3: Ikigoma, ivalishe tishu

Kata kipande cha tishu kikubwa kidogo kuliko dekali, kilaze juu yake, ukiloweshe mpaka kikae kimya bila mapovu. Kiache dakika kumi hadi kumi na tano ukikiongezea maji. Tishu inashikilia maji yasikimbilie chini, jambo ambalo ni la lazima kwenye ubavu uliopinda au mkiani.

Bado? Rudia kwa Micro Set au siki yako iliyochanganywa, lakini sasa dakika tatu hadi tano tu, ukinyanyua pembe ya tishu kutazama. Hapa tabia ya dekali inategemea aliyeichapa. Zile za Cartograf wa Italia na za Microscale ni nyembamba, zinaitikia dawa upesi na zinaweza kulainika kabla gundi haijaachia. Zile nene, kama za maboksi mengi ya Tamiya, zinastahimili. Kama hujui uliyo nayo ni ya aina gani, ijaribu dawa kwenye kipande usichokihitaji, mfano namba ya karatasi au nembo ya kampuni iliyoko pembeni.

Ikiwa sehemu imeachia na sehemu imeshika, chukua kipande cha plastiki angavu cha kifungashio, kikate kiwe ukanda mwembamba, kilainishe ncha, kiloweshe, kisha ukipenyeze chini ya upande uliolegea. Kisogeze mbele kwa mwendo mdogo wa kulia na kushoto huku maji yakikifuata. Wembe nisingeutumia kwa kazi hii. Unapita chini ya dekali vizuri, lakini unakwangua vanishi na rangi, na alama yake itaonekana baada ya kila kitu kukauka.

Hatua ya 4: Elea, sogeza, pima

Ikishaachia, usianze kuivuta papo hapo. Ongeza maji kwanza, ielee kweli. Kisha isogeze kwa brashi mbili zilizolowa, moja ikiongoza na nyingine ikizuia.

Kupima kwa jicho peke yake hudanganya, hasa ubavuni mwa Spitfire ambapo mwili unanywea kuelekea mkiani na hakuna mistari miwili inayokwenda sambamba. Bandika ukanda wa tepu ya kufunikia chini ya eneo la herufi, ukiuongoza kwa mistari ya mabati kama ilivyo kwenye mchoro wa maelekezo, na uweke miguu ya JE na ya J juu ya ukingo wake. Acha nafasi ndogo kati ya tepu na dekali, isije ikanyonya maji. Piga picha kwa simu ukiwa umeiweka lenzi sawa na ubavu wa ndege; kombo ambayo jicho limeizoea inajitokeza mara moja kwenye picha.

Ukiridhika, nyonya maji kwa kona ya tishu ukianzia upande mmoja, bila kugusa dekali. Angalia tena, kwa kuwa maji yanapotoka huivuta dekali. Halafu tembeza pamba ya sikio iliyolowa kidogo kutoka katikati kwenda nje, kwa kuiviringisha. Kuburuta pamba ndiko kunakoiondoa dekali mahali ulipoipatia shida kuifikisha.

Ikijikunja yenyewe

Hii hutokea kwa mikanda myembamba na kwa utando mrefu. Upande wa gundi ukikutana na upande wa gundi, vinashikana. Usivitenganishe vikiwa na maji kidogo. Kama dekali iko juu ya modeli, ijengee dimbwi na uifungue kwa brashi mbili, zote zikiwa chini ya maji. Kama imejiviringisha kabisa, inyanyue kwa brashi na uirudishe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Mara nyingi ikipata nafasi ya kuelea hujifungua. Kisha penyeza karatasi yake ya awali chini yake majini, iteleze juu ya karatasi, na uanze safari upya.

Ikichanika vipande viwili, usivitupe. Viweke vyote vielee, visukume mpaka vikutane, nyonya maji. Mpasuko mwembamba hufunikwa na dawa ya kulainisha na mguso wa rangi. Herufi za rangi moja zinasamehe sana. Duara la nyekundu, nyeupe, buluu na manjano halisamehi hivyo.

Ikishindikana kabisa: kuiondoa

Kama dawa ya kulainisha imekwisha kukauka, au umejaribu yote hapo juu, ondoa dekali bila kuua rangi iliyo chini.

Anza na njia ya ukavu. Bandika tepu ya kufunikia juu ya dekali, ibonyeze kwa ukucha, kisha ivute ikiwa imelala karibu kujikunja juu yake yenyewe. Dekali ambayo haikushika vizuri hutoka na tepu. Ijaribu kwanza mahali pengine kuona kama rangi yako inastahimili, maana rangi iliyopakwa juu ya plastiki yenye mafuta ya kiwandani inaweza kuondoka pamoja nayo.

Isipotoka, rudisha tishu yenye siki kwa dakika kumi na tano, kisha sugua taratibu kwa kijiti cha meno kilicholowa na ncha yake kubondwa. Utando utajikusanya kama uchafu wa raba. Suuza, rudia. Kamwe usitumie asetoni au dawa ya kuondolea rangi ya kucha: plastiki ya modeli ni polistirini, na asetoni huiyeyusha. Spiriti nayo ni adui wa rangi nyingi za akriliki.

Baada ya hapo paka tena vanishi ya kung'aa, iache ikauke, na weka dekali ya akiba. Karatasi za dekali mara nyingi huwa na alama za zaidi ya ndege moja, kwa hiyo duara la pili au mistari ya kukanyagia bawa vinaweza kupatikana humo humo.

Baada ya kuisogeza: gundi iliyopotea

Hapa ndipo pa kulipa deni la maji yote yale. Dekali iliyoeleshwa sana imebaki na gundi kidogo. Kabla ya kunyonya maji ya mwisho, nyanyua ukingo wake na upitishe chini tone la Mr. Mark Setter, au gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mengi mpaka ifanane na maji ya mchele. Ipange haraka, ibonyeze, futa inayotoka pembeni.

Ndipo, na ndipo tu, iwapo uko radhi ikae hapo milele, upake dawa ya kulainisha. Kiasi kidogo, mara moja, mkono uondoke. Ikikauka na bado pana kiputo cha hewa, kitoboe kwa ncha ya sindano na uguse tone jingine la dawa juu ya tundu.

Ili isikushike mapema

Sababu kubwa ya dekali kung'ang'ania ovyo na kubaki na weupe ni rangi isiyong'aa. Uso wa mati una vijibonde vidogo vinavyokamata utando na kufungia hewa. Paka vanishi ya kung'aa kwanza, uiache ikomae. Mombasa au Dar wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, na vanishi inachukua muda mrefu kuliko maelekezo ya chupa yaliyoandikwa kwa hali ya hewa nyingine.

Usiipeleke dekali kwenye uso mkavu. Weka dimbwi la maji kwanza, dekali iteleze kutoka kwenye karatasi na kutua juu ya dimbwi. Fanya dekali moja mpaka mwisho kabla ya kulowesha ya pili. Mkanda mrefu ukate vipande, ukifuata mstari wa bati ambako kiungo hakionekani. Kwa dekali za zamani zilizokaa stoo, lowesha kipande kisicho na maana. Kikivunjika vipande, ipake karatasi nzima Liquid Decal Film ya Microscale na uikate upya kila moja baada ya kukauka. Zilizogeuka manjano zibandike dirishani zikitazama jua kwa siku kadhaa; utando hupauka ukarudi kuwa angavu.

Mwisho wa kazi, futa eneo lote kwa kitambaa chenye unyevu. Gundi ya ziada iliyotoka chini ya dekali haionekani ikiwa mbichi, lakini chini ya vanishi ya mwisho inageuka doa la kahawia. Iache modeli usiku mzima, iangalie chini ya taa kwa pembe ileile, na kama hakuna pembe iliyonyanyuka, paka vanishi ya mati kwa tabaka nyepesi, mbili badala ya moja nzito.